Mpaka Peremende Iyeyuke

12 Februari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Nyingine mpe mkaza mjomba, na umwambie sweta aliyonifumia naivaa kila asubuhi, maana madarasa yetu yana baridi kana kwamba sisi ndio maiti wa kufundishia. Mimi mzima. Chumbani nakaa na binti anayesomea uuguzi. Hakoromi, na siku akikoroma huomba radhi akiwa bado usingizini. Dirisha letu linatazama sehemu ya kufulia ya hospitali, kwa hiyo mashuka ya wodi zote nayajua kwa madoa yake.

Karakana inaendeleaje? Lile kochi la mwenye duka la dawa, ulilosema limeliwa na panya mpaka springi zimebaki uchi, limekwisha? Mkaza mjomba aliniambia kwa simu kwamba ulikwenda zahanati. Alianza kunieleza, kisha akasema, "Basi, atakuandikia mwenyewe," akahamia habari za paka wa jirani. Najua simu na wewe hampatani, ndiyo maana naandika. Walikuambia nini huko?

Sasa yangu. Mwaka huu wa tatu tumeanza somo jipya: namna ya kuzungumza na mgonjwa. Niliposikia nilicheka. Mimi huyu, uliyeniita Chiriku kabla sijaota meno ya pili! Wenzangu waliogopa, mimi nikajiona nimeshafika ng'ambo.

Somo lenyewe liko hivi. Wagonjwa si wagonjwa. Ni watu wazima wa mitaani wanaokuja chuoni kuigiza ugonjwa: yuko msusi, yuko mpiga picha, yuko mzee aliyestaafu kazi ya kugawa barua za posta. Kila mmoja amepewa maradhi yake na hadithi yake, na hamtolei hadithi hiyo mwanafunzi asiyejua kuiomba. Unaingia kwenye kichumba chenye viti viwili na kamera, unamhoji. Ukimaliza, anauvua ule ugonjwa hapo hapo na kukueleza alivyojisikia mikononi mwako.

Mimi nilimpata mzee wa posta. Nilimaliza kabla ya muda, nikatoka kifua mbele. Nimefeli, Mjomba, na si kufeli kwa kuteleza, ni kwa kugaragara. Mzee aliniambia kwa upole kabisa, "Binti, nilikuja na hadithi yangu, naondoka na yako." Mpaka leo sijaelewa. Nilikuwa mchangamfu. Kila alipokwama nilimsaidia, hata maneno nilimpa.

Nitarudia mtihani Julai. Nikifeli tena narudia mwaka mzima, na wodini sikanyagi. Huku sijamwambia mtu, na huko nakuambia wewe tu. Niandikie, hata kama ni kunigombeza.

Wako,
Chiriku


3 Machi

Chiriku wangu,

Marahaba. Mkaza mjomba wako amepokea ya kwake na anauliza kama mikono ya sweta inalingana, kwa sababu mmoja aliufuma akiwa amenikasirikia. Sisi wazima. Kochi la mwenye duka la dawa limekwisha. Ndani yake nilikuta kijiko, kitana, miwani ya marehemu baba yake, na panya mmoja aliyenitazama kama mimi ndiye niliyeingia bila hodi. Miwani nilimrudishia mwenyewe. Alilia palepale dukani, mtu mzima na koti lake jeupe, na wateja wakasubiri.

Nianze na lako. Kufeli si ugonjwa. Kochi langu la kwanza lilimchoma mteja springi mahali ambapo hakuweza kumwonyesha mtu, na leo hii watu wanavuka mji mzima kuniletea viti vyao. Utarudia na utafaulu. Huyo mzee amebeba barua za watu maisha yake yote bila kufungua hata moja. Labda hakupenda ulivyomfungulia ya kwake.

Hilo la zahanati ni jambo dogo. Ni tumbo. Daktari amesema vidonda vya tumbo, akanipa dawa nyeupe ya maji yenye ladha ya chokaa. Nainywa kabla ya chakula, naendelea vizuri. Usilitie akilini, una mtihani.

Umeona nilivyoandika mengi? Mkaza mjomba wako husimama mlangoni kunitazama ninapokuandikia, anatikisa kichwa. Nikishika kalamu mimi ni spika wa bunge. Mtu akinisikia ninavyoagiza misumari dukani, kisha aisome barua hii, ataapa kwamba nimeajiri karani.

Soma. Kula. Lala.

Mjomba wako,
Fundi

N.B. Mimi mkaza mjomba wako ndiye ninayepeleka barua posta, na bahasha nimeikuta haijafungwa. Anasema anaendelea vizuri. Siku hizi akitoka karakana anasimama njiani kutazama maua ya jirani. Miaka yote hii hakujua kama jirani ana maua. Nikimuuliza ana nini, anasema amependa rangi. Mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nimeshasema.


24 Machi

Mjomba wangu,

Shikamoo. Na wewe mkaza mjomba, kwa kuwa najua unasoma, shikamoo na asante. Mikono hailingani. Ule wa hasira ndio mrefu, na ndio unaonisitiri vidole asubuhi, kwa hiyo endelea kumkasirikia. Binti wa uuguzi anawasalimu. Amepata kikohozi, ananikataza kumshauri.

Nimeelewa kwa nini nilifeli. Mwalimu wetu wa somo hili ni mama mfupi aliyekuwa daktari wa watoto, anatembea na kopo la peremende kwapani. Alituonyesha video za mitihani yetu darasa zima. Ilipofika yangu nilikaa sawa, nikijua watacheka mizaha yangu. Kwenye video mzee wa posta anasema, "Yaani daktari, tangu mke wangu…" Mimi hapo hapo, kwa huruma zote: "Alipofariki? Pole sana, baba." Mzee akanitazama. Kisha, kwa adabu yake, akaitikia.

Mke wake hakufa, Mjomba! Katika hadithi aliyopewa, mkewe amepata kazi ya zamu za usiku, na yeye amekuwa akila peke yake, akipunguza chakula, akisahau dawa zake za sukari. Yote yalikuwa hapo mlangoni yakisubiri kuingia. Mimi nikamuua mama wa watu, na mzee akakaa nami mpaka mwisho akiwa mgane kwa sababu hakutaka kuniaibisha. Tulipohesabu, hakuna sentensi yake hata moja aliyoimaliza mwenyewe.

Mwalimu alisimamisha video akaniuliza, "Nani alikufundisha kummalizia mtu maneno yake?" Nikasema sijui. Darasa likacheka, tukaendelea na mwingine. Hilo tuliache.

Dawa yake ndiyo lile kopo. Mgonjwa akianza kusema, unatia peremende mdomoni, na huruhusiwi kutoa neno mpaka iyeyuke. Kutafuna ni kufeli. Mimi natafuna. Hata sijui natafuna saa ngapi, nashtukia tu kishindo kichwani mwangu, na Mwalimu kule mbele anasema bila kugeuka, "Huyo tena."

Sasa nakuja kwako, mpenda maua. Nijibu haya yote kwa uaminifu. Maumivu yako tumboni au kifuani? Yanachoma au yanakata? Yanakuja ukiwa na njaa? Yanakuja ukishakula? Unatapika? Umepungua uzito? Unalala vizuri? Dawa imesaidia? Na kwa nini unasimama njiani?

Nasubiri.

Chiriku


19 Mei

Chiriku wangu,

Marahaba, na samahani kwa kuchelewa. Kulikuwa na viti vya ukumbi mzima wa sinema, na fundi seremala wa jirani alikuwa safarini, kwa hiyo hakukuwa na wa kunisaidia kunyanyua. Mkaza mjomba wako mzima. Amegombana na paka. Binti wa kikohozi mpe pole, na mwambie anywe maji ya moto hata kama wewe ndiye uliyemshauri.

Maswali yako nimeyapata. Majibu, kwa mpangilio ulioyauliza: hapo katikati, hapana, hapana, wakati mwingine, hapana, kidogo, ndiyo, bado, maua ni mazuri. Haya, daktari, nimekujibu yote. Umejua nini?

Hujajua kitu. Hata yule wa zahanati hakujua kitu, na yeye si mtu mbaya. Nikueleze ilivyokuwa. Niliingia, nikaweka mkono hapa, nikaanza. Neno likakwama, unajua linavyokwama, shingo inasimama na macho yanatoka. Akanihurumia. Akasema, "Baada ya kula?" Nikatikisa kichwa kukubali. "Inachoma?" Nikatikisa. "Inakuamsha?" Nikatikisa. Kutikisa kichwa hakuna kigugumizi, mwanangu. Nilitikisa kichwa mara tatu nikatoka na vidonda vya tumbo. Mkaza mjomba wako alikuwa pembeni akinisaidia kutikisa.

Mwalimu wako alikuuliza nani alikufundisha, ukasema hujui. Asante kwa kunistiri. Lakini wewe unajua na mimi najua. Ulipoletwa kwetu baada ya mama yako, dada yangu, kutuacha, ulikuwa hujafika kimo cha kaunta ya duka. Siku moja nilikwama kwenye neno "mkate", foleni nyuma yangu ikaanza kukohoa, na wewe ukanyanyua kidevu ukasema, "Anataka mkate." Nilikubeba njia nzima kurudi nyumbani. Tangu siku hiyo nyumba yetu ikawa hivyo. Mkaza mjomba wako ananimalizia, wewe unanimalizia, hata seremala akija kunywa chai ananimalizia. Ni upendo, sijawahi kuulalamikia, na sitaanza leo. Maneno mengi mmeniokoa nayo.

Ila kuna siku mnanitoa nyumbani mnanipeleka pengine, na mimi natikisa kichwa kwa sababu mmeshachoka kunisubiri. Hapana, nimekosea, hamjachoka. Hamjawahi kujaribu.

Na lingine sijapata kukuambia. Unadhani nilikuita Chiriku kwa sababu ya domo lako. Domo lilikuja baadaye, likakuta jina tayari. Jina lako la kweli ni la mama yangu mzazi, na linaanza na herufi ambayo ulimi wangu umeikataa tangu utotoni. Siku ya kukupa jina nilitakiwa kulitamka mimi mbele ya watu, kama mjomba. Nilishika hewa. Wakanimalizia. Kwenye bahasha naliandika vizuri kabisa, unaliona. Mdomoni sijawahi kulitoa, la mama yangu wala lako.

Hicho kinachonishika ningeweza kukuandikia hapa, mistari miwili ingetosha. Sitaki. Karatasi haina haraka, haijawahi kunikatiza, kwa hiyo kuiambia karatasi si kitu. Nataka nimwambie mtu kwa mdomo wangu, na mtu huyo anisubiri.

Soma. Kula.

Mjomba wako,
Fundi


24 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako nimeipata leo mchana, nimeisoma nikiwa nimesimama kwenye korido, watu wananipita. Nimelia, nakuambia ukweli. Nakupenda, na nina hofu, kwa hiyo naandika kwa kifupi.

Mwalimu amenipa ruhusa. Nakuja Jumamosi. Barua hii anakuja nayo dereva wa basi ili ifike kabla yangu. Usinyanyue chochote mpaka nifike, hata kiti cha mtoto. Ukizidiwa usinisubiri mimi, mwende hospitali kubwa siku hiyo hiyo, mkaza mjomba asikubembeleze. Anajua kutokubembeleza.

Sitakuuliza kitu. Nimeomba peremende kwenye kopo la Mwalimu. Amenipa kiganja kizima bila kuniuliza ni za nini.

Wako


30 Juni

Chiriku wangu,

Marahaba ya mtu mwenye afya. Mkaza mjomba wako anakusalimu, ananifumia sweta na mikono yote miwili mpaka sasa inalingana, maana ananipenda tangu tutoke hospitali. Haitadumu. Seremala anakusalimu. Paka ameshinda.

Nakuandikia jambo ulilolishuhudia mwenyewe, lakini ulikuwa umeinamisha kichwa kwa hiyo hukuyaona yote. Mimi niliona.

Ulikaa kwenye lile kochi lisilo na sponji, ukazama mpaka magoti yakakaribia masikio. Ukatoa peremende nyekundu mfukoni, ukaitia mdomoni, ukanitazama. Nikaanza. Neno la kwanza tu likakwama. Seremala alikuwa akipiga msumari upande wa pili wa ukuta, nikasikia msumari ukiingia wote, akachukua mwingine, na mimi bado nipo kwenye herufi ileile. Nikakutazama uniletee neno. Hukuleta. Mwanangu, nikuambie ukweli, nilikasirika. Mtu aliyezoea kubebwa akishushwa chini lazima anune kidogo. Nikaona shavu lako limevimba kwa ile peremende, macho yamejaa maji, na mikono umeikalia. Nikajua unavyoteseka, nikataka kucheka, na pale nilipotaka kucheka neno likatoka lenyewe.

Nikasema yote. Kwamba nikinyanyua kochi kuna kitu kinanikaba hapa kifuani, kinanishuka mkono wa kushoto, na nikiliweka chini nikapumzika kinaniachia. Kwamba kwenye ule mwinuko wa nyumbani kinanikaba hata bila kochi, ndiyo nikajifunza maua. Ulikuwa umeshatia peremende ya pili. Nilidhani nimemaliza, na wewe ukaendelea kukaa kimya, basi nikaona kumbe bado kuna nafasi. Nikasema, "Na naogopa."

Hilo la mwisho hakuna mtu aliyewahi kunimalizia, kwa sababu hakuna aliyelijua. Hata mimi nililisikia pamoja na wewe.

Hospitali nayo sitaisahau. Ulimpa mkaza mjomba wako peremende mlangoni, ukamwambia, "Hii ni dawa, usiitafune," naye akatii. Mwanamke aliyenisemea tangu siku ya harusi! Alikaa pale ameshika mkoba kwa mikono miwili, mashavu yamejaa, na kila daktari alipoinua macho yeye anatazama dari. Na wewe ulimwambia daktari maneno ambayo nimeyaweka moyoni: "Daktari, mjomba wangu huchelewa kufika, lakini hufika." Yule kijana wa watu akaweka kalamu chini. Sijawahi kuona daktari akiweka kalamu chini.

Nikafika. Wakanibandika nyaya kifuani, wakatoa damu, wakanilaza, na jibu unalo: ni moyo, mishipa inayoulisha imekuwa myembamba. Tumbo langu zima kama la mbuni, na ile chokaa niliinywa bure. Daktari alisema, "Mmewahi." Alisema mshtuko wenyewe ulikuwa bado uko njiani, haujabisha hodi. Mkaza mjomba wako hapo ndipo alipotafuna.

Sasa nameza vidonge asubuhi na jioni, natembea polepole, sinyanyui. Seremala na mpwa wake wananinyanyulia, mimi nasimama na nyundo kama msimamizi wa barabara. Na wamenipa kichupa cha kutembea nacho. Kifua kikinikaba tu, naweka kidonge kimoja chini ya ulimi, nakaa chini, nasubiri kiyeyuke. Ulimi huu huu, mwanangu, ulionisumbua maisha yote! Kwa hiyo na mimi sasa nina peremende yangu, na mimi pia nimekatazwa kutafuna.

Asante. Nimeandika neno hilo nikalitazama, nimeona ni dogo. Nilikulea nikidhani nakupa mkate tu, na wewe umenirudishia pumzi. Asante kwa kukaa kimya, wewe ambaye kukaa kimya kwako ni kama mimi kuimba. Mshukuru na Mwalimu wako, na mwambie nimesema kopo lake liko chini ya ulinzi wa ukoo wetu.

Mtihani uko karibu. Mimi siogopi. Nimeshakuona ukisubiri.

Mjomba wako,
Fundi

N.B. Amenipa barua niisome kabla ya kuifunga, safari hii kwa hiari yake. Siongezi kitu. Naandika tu kwamba juzi alisimama kwenye maua ya jirani bila kukabwa. Anasema ameyazoea.


26 Julai

Mjomba wangu,

Shikamoo, wewe na mkaza mjomba, na paka mshindi. Binti wa uuguzi amepona kikohozi kwa kupuuza ushauri wangu wote. Huku jua limerudi, mashuka ya wodi yanakauka kwa wakati, na mimi nimevua sweta.

Mwalimu nilimpa salamu zako. Nilimweleza na kilichotokea, na safari hii nilijibu lile swali lake la mwezi wa tatu. Nikamwambia ni mjomba wangu ndiye aliyenifundisha kummalizia mtu maneno, na ni yeye pia aliyenifundisha kuacha. Alifungua kopo akala peremende yeye mwenyewe, hakusema kitu mpaka ikaisha. Kisha akasema, "Basi umefundishwa na mtu mmoja vizuri mara mbili."

Kwenye mtihani hawaruhusu peremende. Nilifungua mlango nikamkuta mzee wa posta, na hadithi nyingine kabisa. Safari hii alikuwa mtu aliyeacha dawa zake za presha, na sababu haitoki. Nilimwambia, "Nieleze, baba, tangu mwanzo," nikakalia mikono. Alisema kidogo akanyamaza. Kimya kikakua. Zamani ningekijaza kwa ndoo. Nikamkumbuka seremala wako, nikasubiri msumari uingie wote. Mzee akatazama viatu vyake, akasema kwamba dawa zile alikuwa akimpa kaka yake asiye na za kwake, wanagawana. Mwanafunzi aliyenitangulia hakulipata hilo, wala aliyenifuata.

Alipouvua ugonjwa wake alinipa mkono. "Leo," akasema, "naondoka na mzigo mwepesi." Ndipo akaniuliza, kwa sauti ya chini, kama mke wake yule niliyemuua hajambo. Nikamwambia anafanya zamu za mchana siku hizi.

Nimefaulu, Mjomba. Lakini hilo unalijua, kwa sababu nilimpigia mkaza mjomba dakika ileile na masikio yangu yanalia mpaka leo kwa kigelegele chake.

Ninachotaka kuandika ni kilichofuata. Nimekata simu na yeye, nimekaa kitandani, simu ikaita tena, namba ileile. Nikadhani amesahau kuniambia kitu. Nikapokea, nikasema "Haloo". Kimya. Nikasikia nyundo ya seremala kwa mbali. Nikasikia kiti kikilia, na mkaza mjomba akinong'ona, "Mwacheni," sijui alikuwa akimwambia nani, labda paka, labda yeye mwenyewe.

Tangu nizaliwe hujawahi kunipigia simu. Nilijua ni wewe kwa kile kimya, Mjomba, nakijua kuliko sauti za watu wengi. Na nilijua unatafuta nini, maana nilisikia herufi ya kwanza ikigonga, ikirudi nyuma, ikigonga tena. Nilikuwa nalo neno lenyewe. Nani angekuwa nalo kuliko mimi? Lilikuwa hapa mbele ya meno. Sikuwa na peremende, nikajiziba mdomo kwa kiganja. Binti wa uuguzi aliingia, akaniona vile, akatoka taratibu na kufunga mlango.

Sijui tulikaa hivyo kwa muda gani. Kisha ukalisema. Lote, tangu mwanzo hadi mwisho, jina la mama yako na langu. Nimeitwa jina hilo na walimu, na makarani, na wauguzi, na kila mara nimeitika bila kufikiri. Safari hii nilikaa na simu sikioni nikasahau kwamba mtu akiitwa huitika.

Halafu "hongera" ikakutoka bila shida yoyote, kama vile haikuwa kitu, ukakata.

Basi naitika sasa. Abee, Mjomba. Asante kwa mkate, kwa sweta, kwa kila neno uliloniachia nikumalizie na kwa lile moja uliloniachia nikusubiri. Nipo.

Ni mimi,
yule uliyemtaja